Mawe na Shaba Yanayolia: Somo kwa Wenye Ngoma wa Meru na Embu

Katika shule nyingi za mashambani za Meru na Embu, watoto hawaitwi darasani kwa kengele iliyonunuliwa dukani. Huitwa kwa rimu ya gari iliyochakaa, au kwa kipande cha reli, kilichotundikwa kwa waya kwenye tawi la mti. Mwanafunzi wa zamu hukigonga kwa nondo, na mlio wake husikika hata ng'ambo ya bonde. Lakini rimu ile ile ikilazwa chini na kugongwa, hutoa sauti fupi tu isiyofika mbali.

Sababu yake si ngumu kufahamika. Kitu kigumu kikigongwa hutetemeka, na mtetemeko huo huutikisa hewa iliyo karibu, nayo hewa huuchukua mlio mpaka masikioni mwa watu. Kitu kilicholala ardhini hakiwezi kutetemeka kwa uhuru, kwa maana udongo huushika na kuuzima mtetemeko wake. Kilichotundikwa kwa waya hakina cha kukizuia, basi huendelea kulia baada ya pigo kupita. Mwalimu wa kwanza aliyetundika rimu mtini huenda hakujua kwamba alikuwa akiifuata kanuni ambayo mafundi wa Uchina waliitumia zaidi ya miaka elfu nne iliyopita.

Habari za mafundi hao zafaa kusomwa na watu wa nchi za Mlima Kenya, kwa sababu ndani yake mna onyo. Chombo chaweza kuishi miaka elfu nyingi na elimu yake ikafa. Tena chombo chaweza kuoza baada ya miaka michache na elimu yake ikaishi. Watu wa Chuka, ambao ngoma zao zimesifiwa mbali, wamo katika mfano huu wa pili. Nao wakizembea, watapoteza vyote viwili.

NGOMA ZA CHUKA

Wachuka hukaa kwenye miteremko ya kusini mashariki ya Mlima Kenya, kati ya Wameru na Waembu. Nchi yao zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Meru, na leo imo katika Kaunti ya Tharaka-Nithi. Ngoma yao ni ndefu na nyembamba, imechongwa kwa gogo moja lililotobolewa ndani, na mdomo wake umewambwa ngozi. Mpigaji huibana katikati ya mapaja, ikiwa imeinama mbele yake, akaipiga kwa mikono miwili huku akicheza. Wapigaji husimama wengi pamoja, kila mmoja na sehemu yake, hata asiyejua hudhani kwamba mikono yote inaongozwa na moyo mmoja.

Kazi ya kuchonga ngoma hiyo ni ndugu ya kazi ya kuchonga mzinga wa nyuki, ambayo watu wa Tharaka, Mbeere na Chuka waliijua sana. Fundi huchagua mti usiopasuka upesi, kama muringa, akaukata, akautoboa moyo wake, akauacha ukauke polepole kivulini. Ngozi huwambwa ikiwa mbichi, na kabla ya mchezo huotwa moto au jua ili ikaze na kutoa sauti kali. Kwa hiyo ngoma haina sauti moja ya daima. Asubuhi yenye ukungu hulegea, na adhuhuri hukaza. Mpigaji lazima aijue hali yake kama mchungaji amjuavyo ng'ombe wake.

Chuma nacho kilikuwa na nafasi yake katika michezo. Wahunzi wa nchi za Mlima Kenya walikusanya mchanga mweusi wenye chuma katika mito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe, mikuki na visu. Walifua pia njuga, ambazo wachezaji walifunga miguuni. Basi ngozi ilitoa mlio mzito, na chuma kikatoa mlio mwembamba, na kila hatua ya mguu ikasikika.

Lakini mti huliwa na mchwa, ngozi huliwa na panya, na chuma huliwa na kutu. Mtu akichimba leo mahali palipochezwa ngoma miaka mia tano iliyopita, hatarajii kuikuta ngoma. Kilicholeta mchezo hadi siku hizi si gogo lile, bali ni mikono: baba alimfundisha mwanawe, na kijana akamtazama mkubwa wake.

MAWE YALIAYO YA AFRIKA MASHARIKI

Je, mawe hayakutumiwa katika nchi hizi? Yalitumiwa. Katika Kisiwa cha Lolui, ndani ya Ziwa Victoria upande wa Uganda, kuna mawe makubwa ya matale yaliyo na vishimo vingi vilivyolainika. Vishimo hivyo vilitokana na kugongwa mara nyingi kwa mawe madogo, na jiwe likigongwa hapo hulia kama kengele. Wataalamu watatu, Jackson, Gartlan na Posnansky, waliandika habari zake mwaka 1965. Katika Tanzania pia, kwenye vilima vya mawe vya Moru ndani ya Mbuga ya Serengeti, liko jiwe kubwa la namna hiyo, na wageni wengi huenda kulitazama na kulisikiliza. Huko Nigeria, Bernard Fagg aliandika katika miaka ya 1950 juu ya mawe kama hayo yaliyoko Birnin Kudu.

Mawe hayo ya Lolui na Moru hulia hata leo, lakini hapana mtu awezaye kusema kwa hakika yalipigwa na nani, katika sherehe gani, na kwa mapigo gani. Mwanzoni mwa karne ya 20, watu wa visiwa vingi vya Uganda katika Ziwa Victoria walihamishwa kwa amri ya serikali kwa ajili ya ugonjwa wa malale, na watu wa Lolui walikuwa miongoni mwao. Watu wakitawanyika, habari hukatika. Kumebaki mwamba wenye vishimo, na wimbo wake umekwisha.

Watu wa Meru na Embu nao wanaishi juu ya mlima wa mawe yenye sauti. Mlima Kenya, ambao Wameru huuita Kirimara na majirani zao Kirinyaga, ulikuwa zamani sana volkeno iliyotoa moto. Miongoni mwa mawe yaliyotokana na uji wake wa moto lipo liitwalo fonolaiti. Jina hilo linatokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya jiwe la sauti, kwa kuwa bamba lake jembamba likigongwa hutoa mlio kama wa chuma. Jiwe la namna hiyo limeenea pia katika Uwanda wa Juu wa Yatta, ambao ni mkondo mrefu wa uji wa volkeno ulioganda. Tofauti iliyopo kati ya jiwe lililolala mlimani na chombo cha muziki ni mkono wa fundi na elimu yake.

KABURI LA TAOSI

Elimu hiyo ya mawe ilifika mbali katika Uchina. Mahali paitwapo Taosi, katika jimbo la Shanxi, wachimbaji wa mambo ya kale walianza kazi mwaka 1978, wakafunua makaburi ya wakubwa walioishi zaidi ya miaka elfu nne iliyopita. Katika makaburi hayo walikuta bamba la jiwe lililotobolewa tundu ili litundikwe kwa kamba na kugongwa. Kando yake zilikuwako ngoma zilizochongwa kwa magogo yaliyotobolewa ndani, zikawambwa ngozi ya mamba.

Jambo hili lastahili kuangaliwa na kila fundi wa Chuka. Ngoma ya gogo moja lililotobolewa, yenye ngozi juu yake, ndiyo ngoma aijuayo yeye. Mbao za ngoma za Taosi zilikuwa zimeoza, na alama iliyodumu vizuri ya ngozi yake ni magamba magumu ya mamba. Bali jiwe lilikuwa jiwe vile vile. Katika Taosi ilionekana pia kengele ndogo ya shaba, nayo ni mojawapo ya kengele za kwanza za madini zijulikanazo katika Uchina.

Baada ya karne nyingi, mafundi wa Uchina walichonga mawe mengi kwa vipimo mbalimbali, wakayatundika kwa safu, kila moja na sauti yake. Waligundua njia ya kulirekebisha jiwe. Sauti yake ikiwa juu kupita kiasi, bamba husuguliwa usoni ili liwe jembamba zaidi, na sauti hushuka. Ikiwa chini kupita kiasi, husuguliwa nchani ili liwe fupi zaidi, na sauti hupanda. Jiwe halikazwi kwa moto kama ngozi, wala halilegei kwa ukungu. Likisharekebishwa, hubaki hivyo, na kwa hiyo vyombo vingine vyaweza kupimwa kwalo.

KENGELE ZA MKUU YI

Chombo kilichopita vyote kwa ukubwa kilipatikana kwa bahati. Mwaka 1977, karibu na mji wa Suizhou katika jimbo la Hubei, askari walikuwa wakisawazisha kilima ili wajenge kiwanda, wakagundua kaburi. Lilichimbwa mwaka 1978. Lilikuwa kaburi la Mkuu Yi wa nchi ndogo ya Zeng, aliyezikwa mwaka 433 kabla ya kuzaliwa Kristo au muda mfupi baadaye. Kaburi lilikuwa limejaa maji, na maji hayo yaliuhifadhi mti. Hivyo wachimbaji walizikuta kengele 65 zingali zikining'inia kwenye fremu yake, ambayo boriti zake zilishikwa na sanamu za askari wa shaba. Kengele kubwa kuliko zote ina uzito wa kilo zaidi ya 200, na zote pamoja zina uzito wa kilo zaidi ya 2,500. Humo kaburini mlikuwamo pia mawe 32 ya kupigwa, ngoma, vinanda vya nyuzi na filimbi.

Kengele hizo hazikutengenezwa kwa shaba tupu, kwa maana shaba peke yake ni laini na mlio wake ni hafifu. Mafundi waliiyeyusha shaba pamoja na bati, wakatia na risasi kidogo. Bati huifanya shaba kuwa ngumu na yenye mlio wazi. Lakini likizidi, kengele huwa rahisi kuvunjika. Mchanganyiko huo ulimiminwa katika kalibu za udongo zilizofanywa kwa vipande vingi na kuunganishwa. Kosa dogo la kipimo lingeiharibu kazi yote.

Ajabu kubwa zaidi ilikuwa katika umbo. Kengele ya kanisa ni ya mviringo, nayo hutoa sauti moja popote inapogongwa. Kengele ya Mkuu Yi imebanwa kidogo, na mdomo wake una umbo kama la kokwa ya lozi, wenye ncha mbili. Ikigongwa katikati hutoa sauti moja. Ikigongwa kando hutoa sauti ya pili, iliyo juu ya ile ya kwanza. Kengele moja, sauti mbili. Ili mtu asikosee, majina ya sauti hizo yaliandikwa juu ya kengele zenyewe.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba muziki huo ulikuwa wa watu wote. Idadi ya pande ambazo vyombo viliruhusiwa kutundikwa ilifuata cheo cha mwenyewe. Mfalme alistahili pande nne, na mtawala aliye chini yake pande tatu. Tena katika kaburi la Mkuu Yi walizikwa wanawake vijana 21 ili wafuatane naye. Fahari ya shaba ilikuwa na gharama ya kutisha. Katika jambo hili, ngoma ya kijiji, ipigwayo mbele ya kila mtu na kuchezwa na kila mtu, haina la kuionea haya.

ELIMU ILIYOSAHAULIWA

Baada ya falme zile za kale kuanguka na desturi zake kubadilika, mafundi wa kengele za sauti mbili walikosa wanafunzi. Kengele zenyewe hazikupotea zote. Nyingine zilihifadhiwa na watu wenye mali, na nyingine zilifukuliwa na wakulima mashambani. Wasomi walizitazama, wakazipima, wakasoma maandishi yake, na karibu kwa miaka elfu mbili siri ya sauti mbili haikufahamika. Chombo kilikuwa mkononi, lakini hapakuwa na mtu wa kusema, “Piga hapa, kisha piga pale.”

Mwaka 1977 mtaalamu wa muziki aitwaye Huang Xiangpeng, baada ya kupima kengele za kale katika majimbo kadhaa, alisema kwamba sauti mbili hizo zilikusudiwa na mafundi. Wenzake wengi hawakusadiki. Mwaka uliofuata kaburi la Mkuu Yi lilichimbwa, na maandishi ya kengele zake yakathibitisha maneno yake. Hata hivyo ilihitajiwa kazi ya miaka mingine, na mashauri ya wataalamu wa madini, wa sauti na wa mambo ya kale, kabla kengele mpya za namna hiyo hazijaweza kutengenezwa tena katika miaka ya 1980. Jambo ambalo zamani mwanafunzi alifundishwa na mkubwa wake karakanani liliwagharimu wasomi wengi jasho jingi.

Korea iko karibu na Uchina, na habari zake ni tofauti. Wakorea walipokea mawe ya kupigwa kutoka Uchina katika karne ya 12. Katika karne ya 15, wakati wa Mfalme Sejong, jiwe lifaalo lilipatikana katika nchi yao wenyewe, na mtaalamu aliyeitwa Pak Yon akasimamia kutengenezwa kwa seti mpya. Mawe ya namna hiyo hupigwa hata leo mjini Seoul katika ibada ya kuwakumbuka wafalme wa zamani. Jiwe ni la aina ile ile. Ila katika Korea mnyororo wa mwalimu na mwanafunzi uliendelea kushikwa.

YAPASAYO KUFANYWA

Watu wa Chuka, Meru na Embu wanaweza kujifunza katika habari hizo zote. Ngoma zao ni za mti na ngozi. Haziwezi kungoja kaburini miaka elfu mbili mpaka mchimbaji azifikie. Zikikosa mwanafunzi kwa kizazi kimoja tu, basi. Hatari hiyo si ya kuwaziwa tu. Huko magharibi ya Kenya, mchezo wa Isukuti wa Waisukha na Waidakho, ambao nao huongozwa na ngoma, ulitiwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya mambo yanayohitaji kulindwa kwa haraka. Mchezo haufi kwa kupigwa marufuku peke yake. Hufa pia kwa kuachwa.

Jambo la kwanza ni kufundisha kwa mpango. Kijana atazamaye ngoma siku ya sherehe huona wingi wa mikono, asiweze kutambua kila mmoja anapiga nini. Yafaa mzee ampigie sehemu moja peke yake, polepole, mpaka aijue, kisha sehemu ya pili, ndipo waziunganishe. Shule zinazotayarisha vijana kwa mashindano ya muziki zina nafasi njema ya kufanya hivyo, mradi mwalimu asijifanye kuwa ndiye mwenye elimu, bali awaalike wazee wanaojua, na kuwapa heshima yao.

Jambo la pili ni kuandika. Mafundi wa Mkuu Yi waliandika majina ya sauti juu ya kengele, na maandishi hayo ndiyo yaliyozungumza kwa niaba yao walipokuwa hawapo. Kila pigo lina jina lake na wakati wake. Na liandikwe jina hilo kwa lugha ya wenyewe, pamoja na jina la mti, namna ya kuukausha, namna ya kuwamba ngozi, na sababu ya kupigwa kwake.

Jambo la tatu ni kunasa sauti. Hugh Tracey, aliyesafiri Kenya mwaka 1950 na 1952 akinasa muziki wa wenyeji, alilazimika kubeba mitambo mizito ndani ya gari. Siku hizi simu ya mkononi yatosha. Lakini kunasa mchezo mzima hakutoshi, kama vile kuihifadhi kengele hakukutosha. Yapasa kunasa pia maneno ya mzee akieleza mkono upi huanza, na ngoma ipi huongoza.

Jambo la nne ni kupanda. Fundi hawezi kuchonga ngoma pasipo gogo, na mti mkubwa wa kufaa hauoti kwa mwaka mmoja. Mwenye shamba apandaye muringa mpakani leo anamwekea ngoma mjukuu wake.

Mwalimu apendaye kulionyesha somo hili darasani anaweza kufanya jaribio dogo. Na atafute bamba la jiwe gumu lisilo na ufa, lenye urefu wa mkono wa mtoto, alifunge kwa kamba na kulitundika, kisha aligonge kwa jiwe dogo. Baadaye mwanafunzi alikumbatie kwa mikono miwili, nalo ligongwe tena. Watoto watasikia wenyewe jiwe lile lile likilia, kisha likinyamaza. Ndipo wampelekee swali hilo mzee mpiga ngoma aliye jirani, wamwulize anafanya nini mkono wake unapotaka ngoma iseme, na anafanya nini anapotaka inyamaze. Jibu lake liandikwe daftarini siku hiyo hiyo.